Asali ya Mgeni

Mshauri wa kuacha pombe aliegesha pikipiki yake mlangoni, akaweka fomu mezani. Kilichobaki ni saini yangu tu. Nikithibitisha kwamba mume wangu hajagusa pombe kwa miezi sita, atarudishiwa leseni, aendeshe tena lori la tumbaku la kule Usoke.

"Masomo yote kahudhuria, mama. Hongera kwa kumsaidia."

Nikamtazama mume wangu, Mahona. Kanyoa ndevu, kakaa wima kama mwanafunzi. Tangu alipogonga bajaji akiwa amelewa, ameniapia mara nyingi mno. Na ile galoni ya asali iliyoko stoo, anayosema inamkata kiu ya pombe, mbona hataki mtu mwingine aifungue?

"Mgeni hatoki kwangu bila kuonja asali," nikasema, nikainuka.

"Mshauri ana haraka," Mahona akadakia.

Kule stoo nililegeza kifuniko, kikatoa hewa fyuu, kama tairi. Asali ya misitu yetu ni nzito, huteremka polepole. Hii ilimiminika kama maji, ikaacha povu jeupe ukingoni mwa kikombe.

Nilirudi sebuleni, nikapiga goti, nikamkabidhi mgeni kikombe kwa mikono miwili.

"Karibu asali, mshauri."

Akashukuru. Akakiinua hadi mdomoni.

Mahona akaruka kutoka kitini, akamshika mkono.

"Usinywe!" alisema. "Umekuja na pikipiki."