Wenyeji, Mikono Juu

Wajukuu zangu, tegueni hiki: huingia kila mji, wala hapigi hodi kwa mtu. Mmeshindwa? Haya, nipeni mji. Ni sauti ya gitaa.

Basi sauti hiyo, ya bendi moja ya roki, mzee mmoja, Matayo, aliifuata miji kumi na minane. Kila onyesho, kabla ya wimbo wa mwisho, mwimbaji huita, "Wenyeji, mikono juu!" Uwanja mzima hunyoosha. Kisha huita wageni, na Matayo hunyoosha wake, mara nyingi peke yake, na mwimbaji humpungia. Kupungiwa huko tu ndiko alikokuwa akikusafiria.

Mji wa kumi na tisa, alasiri, jua kali, wenyeji wakaitwa. Matayo akatulia. Walipoitwa wageni, akanyoosha mkono kama alivyozoea. Mwimbaji akacheka kwenye maikrofoni.

"Wewe tena, mzee wa kofia! Leo tuambie, kwenu wapi?"

Watu wakageuka kumtazama.

"Sema, babu, au umesahau?" akamtania muuza karanga.

Wakaangua kicheko. Matayo akazipitia nyuso zile moja moja, akitafuta hata mmoja wa kumwita kwa jina. Hakumpata. Juu ya ukuta wa uwanja lilionekana bati la nyumba yake, na kiraka alichokipigilia mwenyewe kabla hajaondoka kuifuata bendi.

Mkono wake ulikuwa bado juu.

"Hapa," akasema. "Kwetu ni hapa."