Mkono wa Pili

Katika nyumba ile kila mtu aliijua sheria: kazi iliyo sindanoni haiguswi na mkono wa pili. Kila mfumaji huvuta uzi kwa namna yake, huyu hukaza, yule hulegeza, na nguo iliyofumwa na watu wawili hujionyesha kama ukuta uliojengwa na mafundi waliogombana. Kwa hiyo palipoingia mkono mgeni, kazi ilifumuliwa, hata kama aliyeigusa alikuwa na nia njema.

Mfumaji mwenyewe ndiye aliyeitunga sheria hiyo, wala hakuwahi kuivunja. Lakini mwaka ule kazi zilimzidi. Palikuwa na shali la mjukuu aliyekuwa njiani, masweta ya shule yaliyowapatia riziki, na sweta zito la mumewe, alilolianza bila kutaka, endapo angepelekwa milimani kwenye baridi. Alifuma hiki huku uji ukichemka, akashika kile huku akifunga vyombo makashani, na hakuna kilichosogea.

Mumewe alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha chapa, na nyumba ilikuwa ya kiwanda. Kiharusi kilimwangusha kazini, kikamlegeza mkono wa kulia na kumwachia neno moja tu katika maneno yote aliyoyajua. Neno hilo lilikuwa "bado". Ukimwuliza kama ameshiba, bado. Ukimwuliza kama amelala vizuri, bado. Mama yake, aliyekuja kumwuguza, alisema kwamba angalau mwanawe sasa amepata msimamo, kwa maana zamani alikuwa akikubali kila aliloambiwa na mkewe.

Kiwanda kilitaka nyumba yake mwisho wa mwezi. Binti yao alikuwa tayari kuwapokea, lakini mume wa binti alieleza, kwa adabu, kwamba mtu wa kulishwa na kuvishwa wasingemweza pamoja na mtoto mchanga. Mkono ule ukirudi, waje wote wawili. Usiporudi, mgonjwa atachukuliwa na mdogo wake anayekaa milimani, na mfumaji atakwenda kwa binti peke yake. Kila Jumapili shemeji huyo wa milimani alipiga simu kuuliza habari za mkono. Kila Jumapili alijibiwa kwamba umelala pajani vile vile.

Ndipo shali likaanza kuguswa.

Alirudi siku moja kutoka kutafuta makasha, akalikuta limeongezwa mistari: vitanzi vimelegea, vingine vimerukwa, kama kazi ya mlevi. Kikapu kilikuwa sebuleni, kati ya kiti cha mgonjwa na kiti cha mama mkwe. Na mama mkwe alikuwa na desturi ya kusema kwamba mjukuu atazaliwa na kuoa kabla shali hilo halijakwisha. Mfumaji hakuuliza. Alichomoa sindano, akafumua mpaka alipoutambua mkono wake mwenyewe, akaanza upya. Mumewe aligonga kiti kwa mkono wa kushoto. "Bado, bado," alisema, naye akamjibu kwamba uji uko motoni.

Jambo lile likarudia. Kila alipotoka kupeleka masweta, alirudi akaikuta mistari ile mipotovu, akaifumua, na muda aliokuwa hana ukazidi kupotea. Mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Mama, kama umechoka kukaa bure, nitakupa uzi wako ufume chako."

"Mimi?" Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Macho yangu haya, mwanangu, hata njia ya chooni ninaipapasa. Nishike shali lako nilifanyie nini?"

"Humu ndani tuko wangapi wenye mikono miwili ya kushikia sindano, mama?"

Mama mkwe alimtazama mwanawe, akainuka, akaanza kukunja nguo zake. Kesho yake aliondoka na basi la alfajiri, baada ya kuaga kwa adabu iliyouma kuliko tusi.

Mfumaji alikifungia kikapu kabatini, akawa anakitoa pale tu alipokaa kufuma. Shali halikuguswa tena, naye akaona kwamba hakumsingizia mtu.

Siku ya kuhama wachukuzi walilitoa kabati kwanza. Alikiweka kikapu miguuni pa mumewe, kisha akashinda uani asubuhi nzima, akiwaelekeza wachukuzi lipi la kwenda kwa binti na lipi la kupanda milimani.

Shemeji alifika kabla ya adhuhuri. Alipiga magoti mbele ya kiti, akautwaa mkono wa kulia wa ndugu yake.

"Kaka, nibane."

Vidole vilitetemeka, vikaachia. Shemeji alingoja, kwa maana hakuwa mtu mbaya, kisha akamgeukia mfumaji.

"Shemeji, umepata kuuona ukishika kitu? Hata kijiko?"

"Sijauona. Ningeuona, ningekuwa wa kwanza kukwambia."

Mgonjwa alimkazia macho mkewe. "Bado," alisema. Wakambeba. Alilisema neno lile kizingitini, akalisema garini, na mlango ulipofungwa midomo yake ilikuwa ingali inalisema nyuma ya kioo. Sweta lake halikuwa limekwisha. Alifunikwa koti la shemeji.

Gari lilipokwisha kupotea, mfumaji alirudi ndani kuchukua kikapu. Shali lilikuwa juu ya vitu vyote, sindano zimepishana vibaya, na juu ya kazi yake ya jana ilikuwapo tena mistari ile, iliyolegea, iliyorukwa, mipotovu. Hasira ilimjia kabla ya fikira. Alichomoa sindano, akavuta uzi. Mstari wa juu ukatoka, ukafuata uliokuwa chini yake, na kitanzi baada ya kitanzi vikaachia mpaka alipoufikia mkono wake mwenyewe. Ndipo alipokumbuka kwamba mama mkwe aliondoka tangu juma lililopita, na kwamba asubuhi ile, katika chumba kile, hakuketi mtu mwingine ila mume wake.