Sahihi ya Pili

Mradi wa serikali wa umeme wa jua ulitaka sahihi za wenye nyumba wote. Ndiyo maana mshonaji alisimama mlangoni kwa kaka yake, fomu mkononi, baada ya miaka sita ya kununiana. Walipomzika baba yao waligawana nyumba kwa ukuta wa katikati, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alipiga hodi mara mbili. Mlango ukafunguka.

"Ni wewe, mdogo wangu. Nimezijua hatua zako."

Alimweleza kwa mkato, kama anaongea na karani: paneli na betri zinatolewa bure, mafundi wanakuja kesho, na bila sahihi za ndugu wote wawili, hawapandi juu ya paa.

"Lete kalamu," kaka akasema. Hakuuliza zaidi.

Aliinama mezani, akaandika jina lake polepole, kwa mwandiko ule ule wa shule. Kalamu ilianzia kwenye karatasi, ikavuka ukingo wake, ikaendelea kuandika juu ya ubao wa meza.

Mshonaji akamtazama usoni. Macho yalikuwa yametandwa na weupe.

"Tangu lini, kaka?"

"Mwaka wa tatu huu. Imekaa sawa?"

"Sasa taa ni za nini kwako?"

"Si zangu. Kila giza likiingia naisikia cherehani yako inanyamaza."

Mshonaji akavuta kiti, akakaa karibu naye, akaushika ule mkono na kuurudisha kwenye karatasi.