Dakika Moja, Viputo Vingapi?

Mkaguzi wa shule aliingia maabara bila taarifa, somo likiwa limeanza. Wanafunzi waliinuka, viti vikakwaruza sakafu, kiranja akamketisha mbele kabisa. Mwalimu wa biolojia alijua ni mkaguzi kwa sababu mgeni alijitambulisha. Alichokiona yeye ni kivuli kimoja zaidi kati ya vivuli arobaini.

Wanafunzi walimwita mwalimu huyo Kipimo, kwa jinsi alivyochukia makadirio. Hawakujua kwamba macho yake yalikuwa yakififia tangu mwaka jana. Aliyejua ni mkewe tu. Ubaoni aliandika kwa mazoea, na njia ya kwenda maabara aliihesabu kwa hatua. Wakubwa wakigundua, alijiambia, watamtoa darasani wamfungie kwenye chumba cha mafaili, na nje ya darasa hakujua yeye ni nani.

Leo bahati ilimpa kisogo: lilikuwa somo la kuhesabu viputo.

Gugu la majini lilikuwa ndani ya bika, chombo cha kioo chenye maji, taa pembeni yake. Taa ikisogezwa karibu, mmea hutengeneza chakula kwa kasi na kutoa viputo vingi vya oksijeni, vidogo kama vichwa vya pini. Kipimo alisimama kati ya meza na ubao, jasho likimshuka mgongoni. Mlango ulikuwa upande wa pili, nyuma ya mkaguzi.

Akamwambia kiranja ahesabu kwa sauti. Taa ikiwa sentimita kumi, viputo arobaini na viwili kwa dakika. Sentimita ishirini, kumi na tisa. Mkaguzi naye aliandika. Chombo chake kilisikika tk, tk, tk, kama mtu anayetoboa karatasi.

Taa ikasogezwa hadi sentimita thelathini.

"Thelathini na kimoja," kiranja akasema, huku akisitasita.

Ile tk, tk ikakoma.

"Mwalimu," mkaguzi akasema taratibu, "jibu hilo unalionaje?"

Kipimo aligeukia bika. Aangalie nini, na bika lenyewe kwake ni ukungu? Maneno ya kukiri yalikwishamfika mdomoni aliposikia joto shingoni, upande wa kushoto, ambako muda mfupi uliopita palikuwa baridi.

"Nani amefungua pazia?"

Msichana wa dirishani akaomba radhi. Alikuwa akitafuta hewa. Kipimo akawaeleza kwamba mmea haujali mwanga ni wa taa au wa jua, ndiyo maana jaribio zuri hubadilisha kitu kimoja tu. Pazia likafungwa, wakahesabu upya. Viputo vinane. Darasa zima likacheka, na mkaguzi akaandika kwa muda mrefu.

Kengele ilipolia, wanafunzi wakatoka. Kipimo akabaki ameng'ang'ania ukingo wa meza. Swali moja tu la ziada, na habari yake imekwisha. Mkaguzi akasimama, akasema ni miaka mingi hajasikia somo tamu kama lile. Kisha mkono ukampapasa Kipimo begani, ukatulia.

"Dereva ananisubiri kwenye gari," mkaguzi akasema. "Nishike mkono unifikishe, ndugu yangu. Mimi sijaona kitu tangu nikiwa na miaka tisa."