Simu Kifuani

Daktari wa meli alisema moyo wa mume wangu hautasubiri mpaka bandarini. Helikopta ije sasa, lakini kampuni ya bima ya safari ikubali kwanza kulipia.

"Mama, vuta subira," mtu wa bima aliniambia kwenye simu. "Tunathibitisha kama ni dharura kweli."

"Subira ni ya kumngoja Mungu, baba. Si ya kuingoja ofisi yako."

Mume wangu alisogeza barakoa ya oksijeni. "Usimgombeze, mke wangu. Atakata."

"Akikata, nitampigia tena. Wewe pumua."

Niliiweka simu kifuani pake, katikati ya nyaya, pale shati lilipokatwa kwa mkasi. Pumzi yake ilikwaruza kama msumeno kwenye mti mbichi. Ngozi ilikuwa baridi, imelowa jasho.

"Thibitisha," nilisema.

Kisha sauti ndogo ikatoka: "Mama, bado nahitaji idhini ya mkubwa wangu."

Nilimgeukia daktari.

"Iite helikopta. Wasipolipa, tutauza nyumba."

"Tutalala wapi?" mume wangu alinong'ona.

"Tutalala wawili," nilimjibu, na daktari akashika redio.