Dawa ya Moteri Iliyoganda

Fundi Casimir aliuzungusha kiganjani waya wa kipasha moto kidogo cha umeme, akaitazama plagi iliyokuwa mwishoni mwake, kisha akalitazama ziwa lilivyokuwa liking'aa kwa jua.

"Mama, hapa Baraka moteri zinakufa na joto. Na we unaniletea kitu ya kuongeza moto?"

Cassilde alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, viatu mkononi, tope la barabara limemfika magotini.

"Si ya hapa," alisema. "Ni ya kule juu, kwenye Bucumi anapelekaka ndagala. Usiku baridi inashika moteri, asubuhi haiwake. Kaka yangu Eloge njo alituma. Yeye anaishi kwenye inchi ya theluji. Kule kila gari iko nayo."

Gari la Bucumi, Land Cruiser la dizeli lililochoka kama mwenyewe, lilikuwa limeinuliwa juu ya magogo. Bucumi alikuwa amelileta asubuhi hiyo libadilishwe springi, akaenda kupumzika. Cassilde alijua angelileta siku hiyo. Kila wiki Bucumi alipandisha chumvi na ndagala, wale dagaa wa ziwani, hadi soko la milimani, akashusha maharagwe. Alipaswa kulala huko usiku mmoja tu. Lakini tangu mvua zianze, usiku mmoja ulizaa mwingine, na huo ukazaa mwingine, na sababu ilikuwa ileile: moteri imeganda.

"We ni bibi yake?" Casimir aliuliza. "Mi sigusake bloki ya mutu bila ruhusa."

"Mi ni bibi yake."

"Na yeye iko wapi?"

"Iko nyumbani. Analala."

Saleh, dereva wa pikipiki aliyekuwa akingoja kuzibiwa tairi, alicheka peke yake. "Fundi, mufungie tu. Lakini, mama, nikuambie kitu, usikasirike. Ile baridi ya kule juu, sisi tunaijua. Inavaaka kitenge, na bugali inapika muzuri."

Casimir alimtupia kitambaa chenye grisi. Cassilde aliinamisha uso, akakivuta kitenge chake kifunike magoti. Hakukasirika. Alikuwa amechoka hata kukasirika.

"Iko mutoto anamupigiaka simu kila jioni," alisema, kama anayeliambia lile tairi alilolikalia. "Anauliza: papa, unafika lini? Na yeye anajibu: moteri imeganda, mwanangu, ni kesho. Mutoto anasema: sawa, papa. Kila siku, sawa, papa. Mi siwezi tena kuisikia ile sawa."

Casimir akachukua nyundo.

Alimwaga maji ya rejeta kwenye beseni, akajipenyeza chini ya gari. Ubavuni mwa bloki, kile chuma kikuu cha moteri, kulikuwa na vizibo vya chuma, vya mviringo. Alikigonga kimoja ukingoni hadi kikageuka upande, akakivuta kwa koleo. Akalisugua tundu kwa msasa mpaka likang'aa. Kisha akakiingiza kile kipasha moto mahali pa kizibo, akakikaza polepole huku akishikilia pumzi. Kilikaa kama kilichozaliwa humo. Eloge alikuwa amekichagua kwa kutazama picha ya moteri, picha ambayo Cassilde aliipiga alfajiri moja Bucumi akiwa bado usingizini.

"Waya uufiche, fundi."

"Asiuone?"

"Asiuone kwanza."

Casimir alitabasamu chini ya gari. Alidhani ni mambo ya wapendanao. Akaupitisha waya mbali na ekzosi, akaufunga nyuma ya grili.

"Sasa unisikie vizuri, mama. Jioni lazima ichomekwe, asubuhi moteri inaamuka na moto wake. Kule umeme iko?"

"Iko turbine ya maji ya paroisse, ile ya mapadri. Inawaka mpaka asubuhi."

"Na kama bwana hajue, nani atachomeka?"

"Iko mutu."

Saleh akajipiga paja. "Si njo huyo nilikuwa nasema!"

Safari hii hata Casimir alicheka. Cassilde naye alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyehamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine.

Fundi alirudisha maji, akapitisha kidole kuzunguka lile tundu. Pakavu. "Akipanda Jumanne," alisema akijifuta mikono, "Jumatano iko nyumbani. Hana tena cha kusingizia."

"Njo hiyo tu nataka, fundi. Na mi nipumuzike."

Akavaa viatu, akaaga, akaondoka kabla Bucumi hajaja kuchukua gari lake.

Jumatano asubuhi, huko juu sokoni, milima ilikuwa haionekani kwa ukungu. Bucumi alipanda garini akiwa amejifunika blanketi, macho bado yana usingizi. Alizungusha ufunguo kwa uvivu, kama mtu anayebisha kwenye nyumba anayojua haina watu.

Moteri ikawaka.

Alishtuka, akaizima. Akakaa kidogo, akazungusha ufunguo tena. Ikawaka tena, kwa sauti nzito isiyokohoa hata mara moja.

Cassilde akatokea mbele ya gari akikunja waya mrefu wa umeme uliotoka dirishani mwa nyumba yake. Alikuja hadi kwenye mlango wa dereva, akampa mahindi ya kula njiani.

"Shuka mulima sasa, bwana," akasema. "Umusalimie bibi yako ya Baraka. Na mutoto akipiga simu, leo usimwambie kesho."