Kitambaa cha Mniko

Mniko alipoinama kuosha mchanga, Maxwell alinyofoa kitambaa chake kwenye kamba, akakisokomeza ndani ya shati na kuondoka bila haraka. Alipofika nyuma ya mashine ya kusaga mawe, kikohozi kilimshika, kikamkunja mpaka magoti yakagusa kidevu.

"Pole, bosi," mchimbaji mmoja alimtania. "Hicho kikohozi umekioa?"

Maxwell hakucheka. Kilimwanza siku shimo lake la Osiri lilipoporomoka na vumbi likamjaa mapafuni. Hakukubali hasara. Aliamuru shimo lifukiwe, na waliotoka wakaanza kuchimba jingine pembeni kesho yake. Vumbi lilitulia, kikohozi kikakataa. Migori walipima makohozi: hakuna TB. Homa Bay walipiga kifua picha: hakuna kitu. Daktari alimuuliza tu kama anachoma dhahabu ndani ya nyumba na kuvuta moshi wa zebaki.

"Nachoma nje. Mimi si mjinga."

Aliyempa jibu ni Eucabeth, mama muuza omena kutoka Sori, kando ya ziwa, aliyefika Osiri na karai lake akamsikia akikohoa.

"Hicho si cha hospitali, nyathina," alimwambia kwa upole, kama mtu anayeongea na mwanawe. "Kuna mtu. Nani anakutakia mabaya?"

"Mniko!" Jina lilimtoka kama mate. Mniko wa shimo jirani, aliyekuwa akigombania naye mwamba uleule wa dhahabu.

"Basi chukua kitambaa anachokamulia dhahabu. Kila jioni kata kipande, weka juu ya makaa, funga mlango na dirisha, uvute ule moshi. Kikohozi kitamrudia mwenyewe."

"Atakufa?"

"Mwenye kosa atakufa."

Sasa, kitambaa kikiwa ndani ya shati, Maxwell alikwenda nyumbani akiwa na furaha kali. Kitambaa kilikuwa kizito. Zebaki ya msimu mzima iling'aa kwenye nyuzi zake. Alifunga mlango, akafunga dirisha, akachoma kipande cha kwanza. Akavuta moshi kwa pumzi ndefu, akimwona Mniko akigaagaa chini, akimwona akiomba msamaha, akimnyima.

Jioni baada ya jioni alivuta. Mikono ilianza kutetemeka. Fizi zikamuuma. Na kila asubuhi, ng'ambo ya lile shimo, Mniko aliamka akiimba.

Hasira ilimpeleka mpaka Sori. Alimkuta Eucabeth akianika omena. Pembeni mwa nyumba palikuwa na kaburi, udongo wake bado mwekundu.

"Umefiwa, mama?"

"Nimezika yago."

Maxwell alivua kofia. Alijua maana yake. Tunda la yago huzikwa mahali pa mtu ambaye mwili wake haukupatikana.

"Ni ziwa?"

"Ziwa lina huruma," Eucabeth alisema bila kuinua macho. "Ziwa hurudisha watu."

Maxwell alitaka kusema pole, lakini kikohozi kilimwahi. Kilipomwachia, kiganja chake kilikuwa chekundu. Alikipangusa kwenye suruali upesi.

"Mniko bado mzima!" alifoka. "Anaimba, mama! Mimi ndiye ninayeisha!"

"Kitambaa kimebaki?"

"Kipande kikubwa."

"Ndiyo maana. Umekuwa ukikata vidogo, unamwonea huruma." Alimpangusa jasho usoni kwa ncha ya leso yake. "Leo choma chote. Usifungue mlango hata ukisikia kizunguzungu. Huo ni uhai wa Mniko unaomtoka."

Maxwell alimshukuru kwa mikono miwili, akashika njia ya kurudi Osiri, akikohoa, akitabasamu.

Eucabeth alisubiri mpaka kikohozi kikapotea mbali barabarani. Kisha akapiga magoti kando ya kaburi, akalaza kiganja juu ya udongo.

"Simeon, nyathina," alisema, "yule bosi aliyeamuru wakufukie huku ungali unaita, alikuwa hapa. Ametema damu."